Shina na Tunda: Nani Anapanga Bei ya Kesho?

Naomba tuanze na hesabu. Mwenye simu aitoe anihakiki.

Chukueni mche wa mpingo uliochipua mwaka huu katika msitu wa kijiji huko wilayani Kilwa. Mpingo hauna haraka. Kabla haujanenepa kiasi cha kumfaa mchongaji wa Kimakonde, au kiwanda cha klarineti huko Ulaya, utachukua miaka 70, pengine 100. Tuseme 70. Tuseme pia kwamba siku ya kukatwa utauzwa kwa shilingi milioni moja za thamani ya leo, mfumuko wa bei tukiuweka kando. Je, mche huo una thamani gani asubuhi hii?

Mchumi hatakujibu mpaka umtajie kwanza kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo thamani ya kitu inakatwa kwa kila mwaka tunaoungoja. Mtajie asilimia 10, atakwambia mche wako una thamani ya shilingi 1,266. Hiyo ni kama nauli ya daladala kwenda na kurudi. Mtajie asilimia 5, atasema kama 33,000. Mtajie asilimia 1.4, atasema kama 378,000. Mti ni ule ule, udongo ule ule, mvua ile ile. Kilichobadilika ni namba moja iliyowekwa na mtu ofisini, mara nyingi katika kiambatisho ambacho hakuna anayekifungua.

Nimekuja kusema juu ya namba hiyo. Imevaa nguo za hesabu, lakini ndani yake mna hukumu: nani ale sasa, na nani angoje. Hukumu ya namna hiyo inastahili kutolewa mchana, mbele ya watu, si kufichwa katika safu ya jedwali.

Nisije nikaonekana nawasingizia wachumi, niseme mapema kwamba kuipunguza thamani ya kesho si jambo la kipuuzi. Lugha yetu yenyewe inalijua. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ponda mali, kufa kwaja. Na aliyewaza kinyume naye amejibiwa: akiba haiozi, mvumilivu hula mbivu. Wahenga waliujadili mjadala huu kabla ya chuo kikuu chochote kuujadili, na hawakuufunga.

Lakini zitazameni vizuri methali hizo. Katika kila moja, anayechagua ndiye anayevuna matokeo. Mvumilivu hula mbivu: yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Anayeponda mali anaponda yake, na kufa ni kwake. Hakuna methali kati ya hizo inayosema kwamba mimi nikikosa subira, njaa itampata kitukuu wa jirani. Mpingo wetu uko hapo hasa. Mwenye kuukata leo na mwenye kuukosa miaka 70 baadaye si mtu mmoja. Anayechagua kati ya leo yake na kesho yake ana tabia, na tabia tunaweza kumwachia mwenyewe. Anayechagua kati ya leo yake na kesho ya mwingine ana mamlaka, na mamlaka huulizwa maswali.

Basi tuiulize ile namba. Tukiivunja tutakuta sababu nne zilizofungwa katika kifurushi kimoja. Ya kwanza, mali huzaa: fedha niliyoifungia katika mti ningeweza kununulia cherehani au kuchimbia kisima. Ya pili, tunatazamia wajao watakuwa na uwezo kutuzidi, na shilingi moja humfaa maskini kuliko tajiri. Ya tatu ni hatari: moto unaweza kupita, sheria inaweza kubadilika, klarineti zinaweza kutengenezwa kwa kitu kingine. Ya nne ni kwamba kesho ni kesho tu, haituhusu sana.

Sababu tatu za kwanza ni hoja. Zinaweza kuwa kweli au uongo, na tunaweza kuzipima. Ya nne haipimwi. Hiyo ni msimamo wa moyo uliotiwa katika asilimia, na ndiyo iliyowakera wachumi wenyewe kwa miaka mingi. Mwaka 1920 Arthur Pigou wa Cambridge aliandika kwamba jicho letu la kutazama mbali lina kasoro: raha ya kesho tunaiona imesinyaa kwa sababu iko mbali, si kwa sababu ni ndogo. Mwaka 1928, katika chuo hicho hicho, kijana wa miaka 25 aitwaye Frank Ramsey alichapisha makala ambayo bado ndiyo msingi wa somo hili. Aliuliza taifa liweke akiba kiasi gani, na akakataa katakata kuipunguza furaha ya watu eti kwa kuwa watazaliwa baadaye. Kwake hilo halikuwa na utetezi wa kimaadili, ulikuwa udhaifu wa fikra. Roy Harrod, mwaka 1948, aliliona punguzo hilo kuwa jina la adabu la ulafi. Ramsey alifariki Januari 1930, hajatimiza miaka 27. Aliyewatetea sana watu wa kesho hakupewa kesho ndefu.

Maneno hayo yangebaki ya vitabuni kama si nyangumi. Mwaka 1973 mwanahisabati wa Kanada, Colin Clark, alifanya hesabu iliyowashtua wengi. Watu walikuwa wakiamini kwamba viumbe humalizwa pale tu baharini pasipo mwenyewe, kila mtu akivuna kabla ya mwenziwe. Clark akauliza: na kama bahari yote ingekuwa ya kampuni moja yenye akili timamu? Jibu lake lilikuwa kwamba nyangumi huongezeka polepole mno. Ikiwa kundi linakua kwa asilimia 3 kwa mwaka na benki inatoa 8, huenda ikawa faida kwa mwenye bahari kuwaua wote, kuwauza, na kuweka fedha benki. Fedha zitazaliana haraka kuliko nyangumi. Hapo hakuna uzembe wala wivu wa wavuvi. Kuna kiwango cha punguzo tu, kinachofanya kazi yake sawasawa.

Mpingo ni nyangumi wa nchi kavu. Tangu mwaka 1849 Martin Faustmann, msomi wa misitu wa Ujerumani, alikwisha kuonyesha namna ya kukadiria thamani ya ardhi ya msitu kwa kuipunguza thamani ya mavuno ya mbele. Kila anayetumia kanuni yake hugundua jambo moja: riba ikipanda, mti unaokua polepole unageuka kuwa hasara iliyosimama wima. Kwa riba za mikopo ya benki zetu, ambazo kwa kawaida hupita asilimia 10, hakuna mwenye akili ya kibiashara atakayeungoja mpingo. Atapanda mkaratusi, au atakata na kuondoka.

Pamoja na hayo, wapo walioungoja. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 iliruhusu vijiji kutenga misitu yao, kuisimamia na kuweka mapato. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi huko Kilwa vikawa miongoni mwa vya kwanza Afrika kupata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu kwa msitu wa asili ulio chini ya wanakijiji. Naamini hawakuisoma kanuni ya Faustmann. Walipewa kitu ambacho kanuni haina: umilikaji wa pamoja unaodumu kuliko maisha ya mtu mmoja. Mtu hufa. Kijiji hubaki.

Sasa tutoke msituni twende kwenye hewa, maana ndiko ugomvi mkubwa ulikotokea. Mwaka 2006 Nicholas Stern aliikabidhi serikali ya Uingereza ripoti juu ya uchumi wa mabadiliko ya tabianchi. Alisema dunia itumie fedha nyingi, tena haraka. William Nordhaus wa Marekani, ambaye baadaye, mwaka 2018, alipata Tuzo ya Nobel, alijibu kwamba haraka hiyo haikutoka katika sayansi ya hewa bali katika kiwango cha punguzo. Stern alitumia kama asilimia 1.4, mifano ya Nordhaus wakati huo ilitumia kama 5.5. Hasara ya shilingi milioni moja itakayotokea baada ya miaka 100, kwa Stern ina uzito wa kama shilingi 249,000 leo. Kwa Nordhaus haifiki 5,000.

Wote wawili ni watu makini, na kila mmoja alikuwa na hoja. Nordhaus alisema: tazameni sokoni, watu wenyewe wanadai kiasi gani ili wangoje? Tusiwabebeshe maadili ya mwanafalsafa. Stern alisema: sokoni wapo walio hai tu. Katika ile sababu ya nne aliweka asilimia 0.1 peke yake, na hata hiyo hakuiweka kwa kuwadharau wajao, bali kwa uwezekano kwamba wanadamu wanaweza kutoweka kabla wajao hao hawajazaliwa. Mimi nasimama na Stern katika hili. Bei ya soko ni kura, na kitukuu hana kadi ya kupigia kura. Kuichukua riba ya leo na kuiita matakwa ya jamii ni sawa na kugawa urithi kwa kuwauliza waliofika mapema msibani.

Kuna hoja nyingine, ya mchumi Martin Weitzman, ambayo haitaki hata tukubaliane kimaadili. Tuseme hatujui kama punguzo sahihi ni asilimia 1 au 7. Wengi watachukua wastani, waseme 4. Lakini kinachotakiwa kuwekewa wastani ni thamani zenyewe. Baada ya miaka 100, kwa asilimia 1 shilingi milioni moja inabaki 370,000. Kwa 7 inabaki kama 1,150. Wastani wake ni kama 185,000, na hiyo ni sawa na punguzo la asilimia 1.7, si 4. Kadiri tunavyokwenda mbali, shaka yenyewe inatuvuta kwenye kiwango cha chini. Uingereza ililiandika hili katika mwongozo wa serikali wa kupima miradi mwaka 2003: asilimia 3.5 kwa miaka 30 ya kwanza, kisha kinashuka hatua kwa hatua mpaka 1 kwa mambo ya zaidi ya miaka 300.

Najua kuna aliyekwisha kukunja uso hapo mbele. Anasema: bwana, haya ni mazungumzo ya walioshiba. Nenda mwaloni Kigoma ukamwambie mvuvi habari za kitukuu.

Ana haki, na tuende huko. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, katika mpango wa pamoja wa nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo, ili dagaa na migebuka wapate kuzaana. Dagaa si mpingo. Maisha yake ni mafupi na uzazi wake ni wa haraka. Ukimwacha miezi mitatu anakulipa kwa faida ambayo hakuna benki itakayokupa. Kihesabu, kungoja ni biashara nzuri. Basi kwa nini kungoja ni kugumu?

Kwa sababu hesabu ya dagaa si hesabu ya mvuvi. Mvuvi wa mtumbwi wa taa amezoea kupumzika siku za mbalamwezi, na siku hizo chache tu hukopa. Tajiri mwenye mtumbwi amemtangulizia fedha. Mama anayeanika dagaa ufukweni ana marejesho kila wiki, pengine ya ile mikopo ambayo mitaani tunaiita kausha damu. Mtu anayelipa riba ya asilimia 10 au 20 kwa mwezi hana kiwango cha punguzo alichokichagua. Amechaguliwa. Haidharau kesho yake; kesho yake iko rehani.

Hapa ndipo maadili ya jambo hili yanapopindishwa pande zote mbili. Upande mmoja tunamhubiria maskini subira kana kwamba ana tabia mbaya, kumbe ana njaa. Upande wa pili, mwenye meli kubwa, au serikali yenye haraka ya mapato, huiazima njaa hiyo kama kisingizio: watu wetu ni maskini, hatuwezi kungoja, tuchimbe yote, tukate yote. Njaa na uroho huandika asilimia ile ile katika jedwali. Dawa zake ni mbili tofauti. Uroho huzuiwa. Njaa hulishwa. Nchi inayofunga ziwa kwa miezi mitatu bila kuuliza mwanika dagaa atakula nini imeipunguza thamani ya leo ya mama huyo ili kuipandisha kesho ya wote, na huo nao ni uonevu.

Kwa hiyo siwaambii tuweke sifuri kila mahali tukalale. Ukiichukua sifuri kwa ukali wake, kwa kuwa wajao ni wengi kupita idadi, kila shilingi ya leo ingestahili kuwekewa wao, na kizazi hiki kijifunge mkanda milele. Hakuna kizazi chenye haki ya kumla mwenziwe, wala cha kwanza wala cha mwisho.

Tuje kwenye madini na gesi, visivyozaana kabisa. Hapa petu kuna hoja ya zamani, ambayo wengi huihusisha na Mwalimu Nyerere, kwamba madini hayaozi: yaache ardhini mpaka tupate ujuzi wa kuyachimba wenyewe. Mwaka 1931 Harold Hotelling, Mmarekani, aliiweka hoja ya jamaa hiyo kwa hesabu: mali iliyo ardhini ni akiba, na inafaa kuiacha ikiwa thamani yake inapanda angalau kwa kasi ya riba. Hoja nzuri, lakini ina mtego. Dhahabu haiozi; soko la gesi linaweza kuoza. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme miaka 30 baadaye. Dunia ikihamia kwenye jua na upepo, gesi iliyobaki chini itakuwa urithi wa kitu ambacho hakuna anayekinunua. Kumwachia mjukuu si lazima iwe kumwachia kitu kile kile.

Hilo ndilo aliloliandika John Hartwick mwaka 1977: kula mali inayokwisha si dhambi ikiwa faida yote inayobaki baada ya gharama za kuichimba unaigeuza kuwa mali nyingine inayodumu, yaani shule, reli, akiba. Kanuni safi. Lakini tazameni Nauru, kisiwa kidogo cha Pasifiki kilichochimbwa fosfeti tangu mwanzoni mwa karne iliyopita mpaka katikati yake ikabaki mawe matupu. Walikuwa na mfuko wa akiba ya vizazi. Sehemu ya fedha zake, mwaka 1993, ilikwenda kugharimia mchezo wa kuigiza wa nyimbo huko London kuhusu Leonardo da Vinci, na mchezo ukaanguka. Ardhi ilikwisha, na akiba nayo ikayeyuka. Norway ilitunga sheria ya mfuko wake mwaka 1990, ikaweka fedha za kwanza mwaka 1996, na mwaka 2001 ikajiwekea sharti: serikali itumie faida inayotarajiwa tu, iliyokadiriwa kuwa asilimia 4. Mwaka 2017 wakaona faida itapungua, wakajishushia wenyewe mpaka 3.

Nilipoisoma kanuni hiyo ya Norway mara ya kwanza, niliitambua. Pwani yetu inaijua kwa jina jingine: wakfu. Mzee mwenye shamba la minazi hulitoa katika kuuzwa na kurithiwa. Shina halishikwi na mtu, si yeye, si mwanawe, si kadhi. Tunda linaliwa kila mwaka: na msikiti, na yatima, na wazao ambao majina yao hakuyajua. Katika wakfu kuna viwango viwili vya punguzo kwa wakati mmoja. Juu ya shina ni sifuri; hakuna njaa ya mwaka huu inayohalalisha kulikata. Juu ya tunda hakuna kungoja. Mwenye njaa anakula leo.

Huo ndio mgawanyo ninaoutaka katika uchumi wa maliasili, kwani kosa letu kubwa ni kutumia asilimia moja kwa vitu vyote. Cherehani ikifa, nyingine itaundwa. Ipunguzieni thamani mtakavyo. Lakini mikoko ya Rufiji inayozuia bahari, chemchemi ya maji, mbegu ya kiumbe isiyo na ndugu, hizo ni mashina. Kadiri vitu vya dukani vinavyoongezeka na mikoko inavyopungua, ndivyo kila mkoko unavyopanda thamani, na kuukata thamani kwa kasi ya cherehani ni kosa hata la hesabu, sembuse la maadili. Ile sababu ya pili, kwamba wajao watakuwa matajiri, inaweza kuwa kweli kwa simu na magari na ikawa uongo kwa maji.

Tunayo maandiko ya kusimamia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 201, inataka mizigo na manufaa ya matumizi ya rasilimali na ya mikopo ya umma yagawanywe kwa haki kati ya vizazi vya sasa na vijavyo. Tanzania ina sheria ya mapato ya mafuta na gesi ya mwaka 2015, yenye akaunti ya akiba ndani yake. Kinachokosekana ni desturi ya kuuliza.

Basi niwaachie maswali matatu, mpate kuyapeleka penye baraza lolote linalojadili mgodi, bwawa, msitu au bahari. Kiwango cha punguzo ni asilimia ngapi, na kiko ukurasa upi? Katika asilimia hizo, ngapi ni za mali kuzaa, ngapi za hatari, na ngapi ni za kesho-haituhusu? Na anayetakiwa kungoja ni nani, na atakula nini akingoja?

Mtaalamu akijibu la kwanza, mpeni maji ya kunywa. Akijibu la pili, mpigieni makofi. La tatu asilijibu peke yake. Muiteni mwanika dagaa, muiteni mwanakijiji wa Kikole, na kiti kimoja kiacheni wazi. Mwenye kiti hicho bado ana miaka mingi kabla ya kuzaliwa, na mpingo wake, kwa hesabu iliyokuwa mezani, tulikuwa tunaukadiria kwa nauli ya daladala.